Pombe nyekundu ya Katavi: Rangi hutoka kwenye moto, nguvu hutoka kwenye kimea

KATIKA vijiji vingi vya Mkoa wa Katavi, kupika pombe ya kienyeji ni miongoni mwa njia chache zinazompatia mwanamke fedha taslimu. Huko Mpimbwe, kwa mfano, mahindi yanayobaki baada ya chakula cha familia hugeuzwa pombe, na pombe hugeuzwa daftari za watoto, dawa na chumvi. Kwa sababu hiyo, chungu kimoja kikiharibika, hasara yake huonekana nyumbani mara moja.

Mkoa huo ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na makao makuu yake yapo mjini Mpanda. Ndani yake wamo Wapimbwe, Wakonongo, Wabende, Wafipa na Wasukuma, pamoja na familia zenye asili ya Burundi zilizopokelewa Katumba kuanzia mwaka 1972, ambazo kwa jadi yao pombe ya mtama ni kinywaji cha heshima. Kila jamii ina mapishi yake. Hata hivyo, kanuni zinazoamua kama pombe itakuwa nzuri au mbaya ni zile zile.

Rangi inatoka wapi?

Wapenzi wa bia wanaifahamu bia nyekundu ya Ayalandi. Wekundu wake hautokani na rangi ya dukani, bali na kiasi kidogo cha shayiri iliyokaangwa hadi kukolea, ambacho huchanganywa na kimea cha kawaida. Mara nyingi kiasi hicho hakizidi sehemu 5 katika kila 100 za nafaka yote.

Wapishi wa komoni hapa nchini wanaijua siri hiyo kwa njia yao. Unga au pumba za mahindi hulowekwa kwa siku kadhaa hadi zichachuke, kisha hukaangwa juu ya bati au chungu kipana. Moto huo ndio huleta rangi ya kahawia yenye wekundu, pamoja na harufu inayofanana na ya mkate uliookwa. Kimea cha ulezi nacho huongeza wekundu wake.

Kosa linalojitokeza ni kudhani kwamba kukaanga zaidi ni kuboresha zaidi. Unga ulioungua huipa pombe uchungu wa majivu. Kosa kubwa zaidi ni kukaanga kimea chote. Ndani ya kimea zimo vimeng'enya, yaani viini vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na moto mkali huviua. Anayetaka rangi na akaange sehemu ndogo tu ya nafaka. Kimea kilichobaki kikaushwe juani.

Vipimo vya kuanzia

Kwa pombe ya lita 20 hivi, mpishi anaweza kuanza na kilo 3 za unga wa mahindi, kilo 2 za kimea cha ulezi, na robo kilo ya ulezi uliokaangwa hadi kuwa kahawia nzito.

Ulezi wa kimea hulowekwa kwa saa 12 hadi 24, huoteshwa kwa siku 2 hadi 4 mahali penye kivuli, kisha hukaushwa na kusagwa.

Unga wa mahindi hupikwa katika maji ya kutosha kupata uji wa lita 10 unaochemka. Uji huo hupoozwa kwa lita 6 za maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe, na hapo joto hukaribia nyuzi 70. Sasa hutiwa kimea, ukiacha konzi mbili pembeni, pamoja na ulezi uliokaangwa. Chombo hufunikwa kwa blanketi kwa muda wa saa moja hadi mbili. Uji mzito utalegea na kuwa mtamu. Usipolegea, kimea ni dhaifu au kiliungua.

Baadaye mchanganyiko huchemshwa kwa nusu saa, huongezwa maji hadi kufikia lita 20, na huachwa upoe hadi chini ya nyuzi 30. Hapo ndipo hutiwa konzi zile mbili za kimea kibichi au hamira. Hamira ikitiwa katika uji wa moto hufa, na pombe hubaki togwa. Siku moja hadi tatu hutosha. Chombo kifunikwe vizuri, kwani hewa hukaribisha vijidudu vinavyoigeuza pombe kuwa siki.

Anayetaka kuboresha abadilishe jambo moja tu kwa kila chungu na aandike alichofanya. Akibadilisha kimea, muda na moto kwa pamoja, hatajua ni kipi kilichomsaidia.

Kuvu si jambo la kupuuza

Katika Mpanda mvua huanza karibu Novemba na kuendelea hadi Aprili, na kimea kisichokauka katika miezi hiyo huota kuvu kwa urahisi. Wapo wanaoamini kwamba nafaka iliyooza haifai kwa ugali lakini inafaa kwa pombe. Imani hiyo ni ya hatari. Sumukuvu haimalizwi na kukaanga, kuchemsha wala kuchachusha. Mwaka 2016 sumu hiyo, iliyokuwamo katika mahindi, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Aidha, mpishi anayeuza anapaswa kuwa na leseni ya vileo. Mapishi haya yanaishia kwenye pombe. Kuichemsha ili kukinga mvuke wake ni kutengeneza gongo, jambo lililopigwa marufuku kisheria na ambalo limewagharimu wengi macho na uhai.

Pombe nzuri, basi, huanzia ghalani. Nafaka ambayo mama hawezi kuipikia watoto wake uji, asiipikie wateja wake pombe.