Makazi ya Mnyonge: Funzo la Kambi za Mkonge

Suala la makazi haliwezi kutenganishwa na suala la nani anamiliki ardhi. Historia ya Mwera na Pangani kwa jumla yathibitisha hayo.

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta mkonge nchini. Miche 62 iliyosalimika safarini ilipandwa Kikogwe, Pangani, na kutokana nayo yakazaliwa mashamba makubwa ya pwani ya Tanga. Manamba wakaletwa kutoka mbali. Tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha, SILABU. Mwajiri aliwapa manamba kambi. Watetezi wa ukoloni waliita jambo hilo hisani. Kwa kweli kambi ilikuwa sehemu ya unyonyaji, maana paa lilifuata mkataba. Aliyefukuzwa kazi alipoteza pamoja nayo mahali pa kulala.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mijini lilibomoa vibanda na kujenga nyumba za bei nafuu. Nia ilikuwa njema; lakini nyumba inayosimama mahali pa iliyobomolewa haiongezi idadi ya nyumba, na gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1972 serikali iligeuza njia: mwananchi apewe kiwanja kilichopimwa, maji, barabara na mkopo wa Benki ya Nyumba, kisha ajenge mwenyewe. Mradi wa viwanja na huduma ulianza mwaka 1974 katika Dar es Salaam, Mbeya na Mwanza kwa mkopo wa Benki ya Dunia.

Hapa ndipo ukinzani ulipojitokeza. Kati ya 1972 na 1974, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya na miji zilivunjwa. Viwanja vilipimwa, lakini chombo cha wananchi cha kutunza mabomba, kukusanya kodi na kulinda zamu ya mnyonge hakikuwapo. Huko Sinza na Kijitonyama viwanja vingi viliishia mikononi mwa wenye vipato vikubwa. Halmashauri za miji zilirudishwa 1978, za wilaya 1984. Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995.

Na kambi je? Utaifishaji wa 1967 ulibadili mwenye shamba. Haukubadili hadhi ya mkaaji wa kambi. Zao lililozidi tani 200,000 mwaka 1964 lilipoporomoka, mkaaji huyo alikosa kazi, na hakuwa na haki yoyote juu ya sakafu aliyoilalia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaiwezesha halmashauri ya kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, lakini ndani ya ardhi ya kijiji tu. Shamba lenye hati ya serikali ni ardhi ya jumla, hata likiota magugu. Kwa hiyo mkaaji wa kambi hawezi kusaidiwa na kijiji chake mpaka ardhi hiyo irudishwe kijijini kwa utaratibu wa sheria.

Kazi ya kada katika wilaya ya mkonge iko wazi: ajue kila kambi imesimama juu ya ardhi ya nani, na aisukume halmashauri iidai ile iliyotelekezwa. Kujenga nyumba bila kutatua swali hilo ni kumjengea mnyonge kambi nyingine.