Barua za Mzee wa Monticello

Tarehe 4 Machi 1809 Thomas Jefferson alimkabidhi James Madison urais wa Marekani, akarejea nyumbani kwake Monticello, juu ya kilima huko Virginia. Alikuwa na umri wa miaka 65, na alichotamani ni kulima, kusoma na kukaa na wajukuu. Barua hazikumwacha apumzike. Watu asiowajua walimwomba kazi, ushauri, au maoni kuhusu mashine walizobuni na vitabu walivyotunga. Alipohesabu barua alizopokea mwaka 1820 peke yake, alikuta 1,267, na nyingi zilidai majibu ya kufanyiwa utafiti. Kifundo cha mkono wake wa kulia, kilichovunjika Paris mwaka 1786, kilimuuma uzeeni kila alipoandika.

Hata hivyo alijibu. Alitumia poligrafu, mashine yenye kalamu mbili zilizounganishwa: alipoandika kwa moja, ya pili ilifuata kila mkunjo kwenye karatasi ya pembeni. Barua ilikwenda posta, nakala ikabaki nyumbani. Tangu mwaka 1783 alikuwa pia na daftari la kuorodhesha kila barua aliyoituma na kila aliyoipokea. Lakini kati yake na mkewe Martha, aliyefariki mwaka 1782, hakuna barua hata moja iliyosalia.

Kati ya zilizosalia, zinazosomwa zaidi ni zile alizoandikiana na John Adams, rais aliyemtangulia. Wawili hao walikuwa marafiki wakati wa kupigania uhuru, kisha siasa ikawagombanisha. Jefferson alimshinda Adams katika uchaguzi wa mwaka 1800, na siku ya kuapishwa kwa mshindi, Adams aliondoka Washington alfajiri bila kumsubiri. Walinyamaziana kwa miaka mingi.

Aliyewapatanisha ni Dk. Benjamin Rush wa Philadelphia, ambaye naye alitia saini Azimio la Uhuru. Oktoba 1809 alimwandikia Adams kwamba ameota ndoto: alisoma katika kitabu cha historia jinsi marais hao wawili wastaafu walivyorudiana kwa barua, kisha wakaingia kaburini karibu wakati mmoja. Adams aliicheka ndoto hiyo, na Rush hakukata tamaa. Siku ya kwanza ya mwaka 1812, Adams alichukua kalamu.

Barua yake ilikuwa fupi na ya utani. Alisema anamtumia Jefferson vipande viwili vya kitambaa kilichofumwa nyumbani. Barua ilitangulia kufika, kifurushi kikachelewa, na Jefferson akajibu kwa uzito wote, akieleza jinsi kaya za Virginia zilivyokuwa zikisokota na kufuma nguo zao. Kifurushi kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na vitabu viwili vya mihadhara ya ufasaha wa kusema, vilivyoandikwa na John Quincy, mwana wa Adams.

Tangu hapo hadi mwaka 1826 waliandikiana barua 158. Adams aliandika 109, zaidi ya mara mbili ya mwenzake, wala hakulalamika. Walijadili dini, Wagiriki wa kale, mapinduzi ya Ufaransa na uzee. Oktoba 1818 Abigail, mke wa Adams, alipofariki, Jefferson hakumwandikia mengi. Alikuwa amezika mke na watoto watano kati ya sita, na alimwambia rafiki yake kwamba kwa msiba wa namna hiyo, dawa ni muda na ukimya tu.

Barua za familia zinaonyesha upande mwingine wa nyumba. Mwaka 1825 mjukuu wake Ellen aliolewa na Joseph Coolidge, akahamia Boston. Vyombo vyake vilipotea baharini, kikiwemo kidawati cha kuandikia kilichotengenezwa na John Hemmings, seremala hodari na mtumwa wa Jefferson. Novemba mwaka huo babu alimwandikia Ellen kwamba Hemmings ameumia kuliko kama angepoteza kitu kingine chochote, na kwamba hawezi kutengeneza kingine kwa kuwa macho yake yamefifia. Badala yake Jefferson aliwapelekea kidawati kidogo alichokitumia mwaka 1776 kuandika rasimu ya Azimio la Uhuru.

Hemmings naye alijua kuandika. Barua alizomtumia bwana wake kutoka shamba la Poplar Forest, kumpa taarifa za ujenzi, zimehifadhiwa pamoja na nyingine.

Tarehe 4 Julai 1826, Azimio lilipotimiza miaka 50, Jefferson alifariki mchana na Adams jioni. Jefferson aliacha deni la zaidi ya dola 100,000. Kwa wosia wake aliwaacha huru watu watano, Hemmings akiwa mmojawao. Januari 1827 watumwa 130 walitangazwa kuuzwa kwa mnada pale pale Monticello. Miaka miwili baadaye mjukuu wake Thomas Jefferson Randolph, aliyebeba mzigo wa madeni hayo, alizichapisha barua za babu yake katika juzuu nne, akitumaini kwamba nazo zitaingiza fedha.