Dole gumba chini kwa ‘gazeti’ na jibu la kukopi: lini ni haki, lini ni kukosa adabu

Tuchukue mfano. Mkulima wa Kinole, Morogoro, anauliza kwenye grupu la WhatsApp: “Wadau, mipilipili manga yangu majani yamekuwa ya njano, mingine inanyauka. Nifanyeje?”

Dakika mbili baadaye linatua jibu refu la kukopi, lenye kichwa cha herufi kubwa: KILIMO BORA CHA PILIPILI. Ukilisoma hadi mwisho unagundua linahusu pilipili hoho. Watu watatu wanaweka alama ya dole gumba chini 👎, mmoja anaweka kicheko, wengine kimya.

Aliyeuliza bado hajui afanye nini. Tena yuko kwenye hatari zaidi, maana anaweza kwenda dukani kununua dawa ya hoho. Pilipili manga na pilipili hoho zinafanana jina tu. Ni mimea ya koo tofauti kabisa, na magonjwa yake si yale yale.

Sasa, wale waliobonyeza dole gumba walikosea? Siyo lazima. Ila walifanya nusu ya kazi.

Alama hii ilitoka wapi

Kura ya chini ilikuzwa na majukwaa ya watu wasiofahamiana. Reddit ilianza mwaka 2005 na mishale miwili, wa juu na wa chini. Adabu yake inasema mshale wa chini ni wa andiko lisilochangia kitu kwenye mazungumzo, siyo andiko usilokubaliana nalo.

Stack Overflow, jukwaa la maswali ya waandishi wa programu lililoanza mwaka 2008, lilienda mbali zaidi. Ukilipigia jibu kura ya chini, wewe mwenyewe unapoteza pointi 1, na mwenye jibu anapoteza 2. Yaani unalipia kidogo ili ufikiri kwanza.

Wengine waliiogopa alama hiyo. Facebook ilipoongeza alama za hisia mwaka 2016 iliweka upendo, kicheko, mshangao, huzuni na hasira, lakini haikuweka dole la chini. YouTube mwezi Novemba 2021 iliacha kuonyesha hadharani idadi ya wasiopenda video, ikieleza kuwa watu walikuwa wakiitumia kuwashambulia wenye chaneli.

WhatsApp ilileta alama za hisia Mei 2022, zikiwa 6 tu. Miezi miwili baadaye ikaruhusu emoji yoyote. Hapo ndipo 👎 ilipoingia kwenye magrupu yetu.

Grupu la kijijini si Reddit

Tofauti kubwa ni hii: Reddit na Stack Overflow hawaonyeshi nani kapiga kura ya chini. WhatsApp inaonyesha. Mtu akigusa alama anaona jina lako na picha yako.

Kinole ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, kwenye milima ya Uluguru. Watu wanalima ndizi, nanasi na viungo kama pilipili manga, karafuu na mdalasini. Aliyetuma jibu refu anaweza kuwa baba mdogo wako, mwalimu aliyekufundisha au jirani mnayepanda naye gari moja la mizigo kwenda mjini. Kesho mtakutana sokoni au msibani.

Kwa hiyo dole lako la chini ni kura yenye saini. Mtani wako akikwambia “umetuletea gazeti” unacheka. Kijana usiyemzoea akimwekea mzee dole la chini mbele ya watu mia mbili, mzee anaona amevunjiwa heshima. Matokeo yake ni kwamba siku nyingine hachangii, hata kwa jambo analolijua vizuri.

‘Gazeti’ peke yake si kosa

Watu wengi wanakasirikia urefu. Lakini maneno matupu hayali bando kama video. Maandishi marefu ya kurasa kadhaa ni mepesi kuliko picha moja. Kinachoisha ni muda wa msomaji, na jibu kupotea katikati ya maneno.

Maswali mengine yanataka maelezo marefu. Mtu akiuliza namna ya kuandaa kitalu cha karafuu tangu mbegu hadi kupanda shambani, mistari miwili haimtoshi. Hapo gazeti ni msaada.

Kabla ya kulihukumu jibu refu, jiulize:

- Limejibu swali lililoulizwa, au limejibu swali jingine?
- Jibu lenyewe liko juu, au mtu anapitia aya kumi ndipo alikute?
- Ukiondoa nusu ya maneno, kuna kitu kinapotea?

Kama limejibu, liache hata kama ni refu. Kama halijajibu, tatizo ni hilo. Hata lingekuwa la mstari mmoja, tatizo lingebaki.

Kukopi: kosa liko wapi hasa

Kukopi pia si dhambi moja kwa moja. Kuna aina tatu, tusizichanganye.

1. Kukopi na kutaja chanzo. Mtu anasema: “Hii nimeitoa kwenye jarida la Mkulima Mbunifu, someni sehemu ya mbolea.” Huyu amesaidia. Unaweza kwenda kuhakikisha mwenyewe.

2. Kukopi na kujifanya ni lako. Hapa kuna kasoro mbili. Ya kwanza ni ya haki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi za maandishi. Ya pili inamgusa muulizaji: anaamini anaongea na mtu aliyewahi kulima, kumbe ni mtu aliyebandika tu. Akiuliza swali la pili, hapati jibu.

3. Kukopi bila kusoma. Hii ndiyo mbaya zaidi. Ndiyo inayoleta dawa ya hoho kwenye shamba la manga, au kipimo cha nchi nyingine kwa bidhaa ambayo hapa haipo. Viuatilifu Tanzania vinasajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA). Jina la dawa lililokopiwa kutoka mtandao wa mbali si ruhusa ya kuinyunyiza.

Siku hizi kuna pia majibu ya akili mnemba. Yanakuja marefu, yamepangwa vizuri, na yanaweza kuwa na makosa yaliyosemwa kwa kujiamini. Desemba 2022 Stack Overflow ilipiga marufuku kubandika majibu ya ChatGPT, kwa sababu mengi yalionekana sahihi lakini hayakuwa sahihi.

Dalili za jibu lililobandikwa

- Mshale na neno la kuonyesha ujumbe umeforwadiwa. Mishale miwili ina maana umepita mikono mingi, na tangu Aprili 2020 ujumbe wa aina hiyo unaruhusiwa kutumwa kwenye chati moja tu kwa wakati mmoja.
- Hautaji hata kitu kimoja kilichomo kwenye swali: wala majani ya njano, wala Kinole.
- Unaanza na historia ya zao wakati mtu anauliza ugonjwa.
- Una misimu ya mvua au majina ya maduka yasiyo ya huku.
- Mwisho una “tuma kwa watu 10”.

Lini weka 👎, lini acha

Weka ukiwa na uhakika kwamba jibu linaweza kumdhuru mtu: dawa isiyo sahihi, kipimo cha kubuni, namba ya kutuma pesa, tiba ya kutunga. Usiishie kwenye alama. Andika chini yake sababu kwa sentensi moja, ili hata anayelisoma usiku ajue kuna tatizo.

Usiweke kwa sababu jibu ni refu, lina makosa ya herufi, limetoka kwa mtu mliyegombana, au wenzako wameshaweka. Dole la nne halimwelezi muulizaji lolote jipya.

Kama kosa ni dogo, mfuate mhusika inbox. Akirekebisha mwenyewe, heshima yake inabaki na grupu linapata jibu sahihi.

Maneno ya kutumia badala ya alama

Kwa mzee: “Shikamoo baba. Asante kwa kutuma. Naona hii ni ya hoho, na mwenzetu kauliza manga. Kuna anayejua ya manga?”

Kwa rika lako: “Mkuu, somo zuri ila refu. Kwa swali lake, jibu ni lipi hapo?”

Kwa jibu lisilo na chanzo: “Dada, hii umeipata wapi? Tujiridhishe kabla mtu hajanunua dawa.”

Halafu, kama unajua, toa jibu fupi. Kwa swali letu la mwanzo lingekuwa hivi: “Fukua kidogo uangalie mizizi. Ikiwa myeusi na imeoza, usinyunyize kitu kwanza. Angalia kama maji yanatuama shinani, yatolee njia. Mpigie picha afisa ugani.” Hilo halifiki mistari mitano, na mtu anaweza kulifanyia kazi leo.

Kwa admini

Weka kanuni tatu kwenye maelezo ya grupu: jibu kwanza, maelezo baadaye, ukikopi taja chanzo, usibandike dawa usiyoijua. WhatsApp inamruhusu admini kufuta ujumbe wa mwanakikundi kwa wote. Itumie kwa ujumbe wa hatari, na useme kwa nini umefuta. Ukifuta kimya kimya watu watadhani ni chuki. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kusambaza taarifa za uongo kwa nia ya kupotosha kuwa kosa.

Ukipigwa dole wewe

Usijibu kwa hasira, na usitoke kwenye grupu. Uliza: “Nimekosea wapi?” Ukionyeshwa, hariri ujumbe ndani ya dakika 15 ambazo WhatsApp inaruhusu, au ufute uandike upya. Ukiwa sahihi, taja chanzo chako na mambo yaishe.

Na kabla ya kubandika chochote, kisome hadi mwisho. Kama huna muda wa kukisoma wewe, mwenye shamba hana sababu ya kukiamini.