Fizikia kwa Wasio Wanafizikia
Mimi nasomea biolojia. Mwaka wa kwanza nilifaulu fizikia kwa kukariri kanuni tu, nikadhani aibu hiyo ni yangu peke yangu. Historia imenisahihisha. Mwaka 1990, Eric Mazur wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapa wanafunzi wake, wengi wakielekea udaktari, maswali mepesi: lori likigongana na gari dogo, lipi hulisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Wengi walioikariri kanuni ya tatu ya Newton walikosea. Kumbe kani ni sawa pande zote. Mwaka 1991 Mazur alipunguza mihadhara, akawaacha wajadiliane wao kwa wao. Nami nililipeleka swali hilo bwenini. Tulibishana hadi usiku wa manane, na hapo ndipo nilipoelewa.