Hasan Elahi, msanii aliyejianika mwenyewe

Hasan Elahi ni msanii wa Marekani, mzaliwa wa Bangladesh. Mwaka 2002, akirejea nyumbani kutoka ng'ambo, alizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Detroit. Mwaka ulikuwa haujatimia tangu mashambulizi ya Septemba 11, na mtu alikuwa amepiga ripoti kwamba Elahi ameficha vilipuzi ghalani. Havikuwepo. Hata hivyo, maafisa wa FBI walimhoji kwa miezi kadhaa na kumpima mara tisa kwa mashine ya kubaini uongo. Hakushtakiwa.

Kwa kuwa hakushtakiwa, hakuna mahakama iliyomtangaza kuwa hana hatia. Akaanza kuwaarifu FBI kila alipotaka kusafiri. Baadaye akafungua tovuti, Tracking Transience, inayoonyesha mahali alipo na picha za vyakula alivyokula, vitanda alivyolalia, hata vyoo alivyotumia. Picha ni maelfu kwa maelfu, lakini yeye mwenyewe haonekani. Ukizipitia utajua alichokula Jumanne; hutajua anachowaza.

Mara nyingi nasikia watu wakisema, "Kama huna la kuficha, waogopa nini?" Kwangu mimi, kazi ya Elahi ndiyo jibu. Hakuficha chochote, lakini mzigo wa kuthibitisha kuwa yeye ni mtu mwema ukabaki mabegani mwake, wakati sheria inamtaka anayeshuku ndiye athibitishe.

Uchina nako, msanii Ai Weiwei alizuiliwa siku 81 mwaka 2011. Mwaka uliofuata alifunga kamera nne nyumbani kwake Beijing, hadi chumbani, na kuzirusha mubashara kwenye intaneti. Siku mbili hazikutimia, serikali ikamwamuru azizime. Kamera za serikali nje ya nyumba yake zilibaki. Hapo naona kwamba anayechunguza hatafuti habari tu; anataka awe yeye peke yake mwenye kuzishika.

Sisi Wakenya tuna Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiombwa alama za vidole au picha ya uso, uliza: mwazitakia nini, mtaziweka wapi, na nani ataziona? Kuuliza hivyo si ukaidi. Ni haki yako.