Rembrandt na Brashi Pana

Ndugu wasikilizaji, wako watu ambao wakiona picha iliyochorwa kwa mapigo mapana ya brashi husema haraka: huyu amechoka, au hajui kazi. Juma hili tumtazame mtu aliyeijua kazi ya kinaganaga barabara, kisha akaiacha kwa hiari yake.

Rembrandt van Rijn alizaliwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1606. Mwaka 1632 alichora somo la Daktari Tulp: wapasuaji wamezunguka maiti, na kola zao nyeupe, ndevu zao, hata kano za mkono uliopasuliwa, vyote vinaonekana kimoja kimoja. Matajiri wa Amsterdam walipenda, na maagizo yakamiminika.

Mwanafunzi wake wa kwanza, Gerard Dou, alikuja kwake mwaka 1628 akiwa kijana wa miaka 14. Huyo aliushika mtindo laini, hakuuacha hadi alipofariki mwaka 1675, nao ukampa mali na sifa. Mwalimu alikwenda njia nyingine. Kufikia miaka ya 1650 rangi yake ilikuwa nzito, mahali pengine imepakwa kwa kisu.

Je, ulikuwa uvivu? Chukueni picha ya rafiki yake Jan Six, ya mwaka 1654. Uso umechorwa kwa subira. Lakini glavu ni mapigo machache tu, na mapambo ya dhahabu kwenye joho jekundu ni pigo moja moja la brashi. Ukisogea karibu unaona rangi tupu. Ukirudi nyuma hatua chache unamwona mtu anayejiandaa kutoka. Mchoraji amechagua pa kusema mengi na pa kunyamaza.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama yake. Madeni ya nyumba, wala si brashi peke yake, yalimfilisi mwaka 1656. Kisha Govert Flinck, aliyekuwa mwanafunzi wake, akafariki mwaka 1660 kabla ya kumaliza kazi kubwa ya kupamba jumba la jiji la Amsterdam. Rembrandt akaitwa achore picha mojawapo. Alichora kiapo cha Wabatavi walioasi utawala wa Roma, kwenye turubai ya mita 5 hivi kila upande. Ilitundikwa, na mwaka 1662 ikateremshwa. Nafasi yake ikajazwa na mchoro wa Flinck uliomaliziwa na mtu mwingine. Turubai ya mzee ikakatwa. Kipande kilichobaki kiko Stockholm, Uswidi.

Baada ya fedheha hiyo angeweza kurudia ulaini uliompa jina. Hakurudi. Katika picha iitwayo Bibi Harusi wa Kiyahudi, ya miaka yake ya mwisho, mkono wa vazi la mwanamume ni donge la rangi ya dhahabu, na viganja vya wawili hao vinagusana kwa upole usiohitaji kuhesabiwa nyuzi. Alifariki mwaka 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi.

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Vijana wetu wachoraji wasidhani kwamba brashi pana ni njia ya mkato. Rembrandt aliweza kuacha kola bila kuimaliza kwa sababu alikwisha kuzimaliza nyingi. Nasi watazamaji, tukiona kazi ya mzee imebadilika, tusikimbilie kuiteremsha ukutani. Turudi nyuma hatua chache, tutazame tena.

Hadi juma lijalo, kwaherini.