Nafsi ya Pili katika Njeo Iliyopita ya Kihispania

Kitenzi cantar, yaani kuimba, hunyambuliwa hivi katika njeo iliyopita ya Kihispania: canté, cantaste, cantó, cantamos, cantasteis, cantaron. Vitenzi vya namna hii huitwa vya kawaida, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba havidai maelezo. Historia yaonyesha vingine.

Asili ya viambishi hivi ni Kilatini. Cantavi, 'niliimba', ilipoteza v yake vinywani mwa watu, na irabu zilizobaki zikaungana hata ikapatikana canté. Cantavit nayo ilifupishwa ikawa cantaut, kisha cantó. Viambishi vya -aut vimeonekana hata katika maandishi ya ukutani ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79. Kwa hiyo alama iliyo juu ya irabu si pambo. Canto ni 'naimba', cantó ni 'aliimba'. Mkazo peke yake ndio unaozitenga. Jambo hili ni geni kwa Mswahili, ambaye njeo yake hushikwa na -li- na mkazo wake haubebi kazi hiyo. Vitenzi vya -er na -ir havitukawizi, kwani hapa huchangia viambishi: comí, viví.

Penye mvutano ni nafsi ya pili. Katika njeo nyingine umoja wake huishia kwa s: cantas, cantabas, cantarás. Cantaste haina s, kwa kuwa cantavisti ya Kilatini haikuwa nayo. Wasemaji wengi, katika Hispania na Amerika pia, huiongeza wakasema cantastes, na walimu huwakemea kwamba wanaiharibu lugha.

Shutuma hiyo, kwa maoni yangu, haina msingi wa kihistoria. Cantavistis, umbo la wingi la Kilatini, lilizaa cantastes, na hilo ndilo lililokuwa umbo la wingi mpaka karne ya 17, ndipo cantasteis ikachukua nafasi yake kwa kuigiza maumbo kama cantáis. Basi cantasteis, iliyo sanifu leo, ilizaliwa kwa mlinganisho wa aina ileile inayowafanya watu waongeze s katika umoja. Moja ilipokewa na wanasarufi, nyingine ikakataliwa. Nebrija, aliyechapisha sarufi yake ya Kikastilia mwaka 1492, aliandika wingi huo kwa -stes. Cantasteis yetu ingemshangaza.